Gari Letu, Jina la Ashif

Zebunissa Bai anasema basi lilikuja. Anasema lilikuja Jumanne, saa moja na dakika ishirini asubuhi, likaingia uani na taa zake zote, likafika penye gari letu bovu likasimama. Dereva akapiga honi mara mbili. Akajaribu kupita kushoto, akajaribu kulia, akashindwa, akarudi kinyumenyume mpaka barabarani akaenda zake. Na yeye Bai, eti, yuko nyuma ya kioo cha mlango kwenye kiti chake cha magurudumu, koti amevaa, kofia amevaa, anapunga mkono kama mtu anayeaga wageni uwanja wa ndege.

Hayo aliyasimulia kwenye chumba cha kufulia nguo. Akayasimulia kwenye lifti. Kufikia Jumatano jioni jengo zima lilikuwa linajua kwamba mama wa chumba cha kwanza, anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki kwa sababu figo zimekataa kazi, aliachwa na basi la wagonjwa kwa ajili ya gari la Gerishon, mume wangu.

"Mimi sina taabu na wewe, binti," aliniambia mwenyewe mlangoni kwake. "Wewe mtu mzuri. Lakini ile gari yenu itaniua."

Sasa mimi Jumanne hiyo nilikuwa dirishani. Jiko letu liko ghorofa ya pili na linatazama ua. Kila asubuhi Gerishon akishaondoka, mimi husimama pale na chai yangu mpaka ifike saa yangu ya kwenda kupanga nguo kwenye ghala. Nilimwona mtu wa takataka. Nilimwona Jemimah wa ghorofa ya tatu akirudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, viatu mkononi, amevaa malapa na huku ugenini kuna baridi. Basi la wagonjwa sikuliona. Lakini pia maziwa yalifurika, nikageuka kufuta jiko. Kufuta jiko kunachukua muda gani? Basi linaweza kuingia, kujaribu kushoto na kulia, na kutoka, mtu akiwa anafuta jiko? Honi ningezisikia. Au nilizisikia nikadhani ni za barabarani. Nimelifikiria jambo hilo mpaka nimechoka, na bado sijui.

Gari lenyewe ni la kubebea mizigo, jeupe, limebonyea mbele. Gerishon alilinunua mwezi wa pili kwa Ashif, mtoto wa dada yake Zebunissa Bai. Kazi ya Ashif ni kununua kwenye mnada magari yaliyopata ajali. Kampuni ya bima ikiona gharama ya kutengeneza ni kubwa kuliko gari, inalitupa, na kadi yake inapigwa muhuri wa ubovu. Gari lenye muhuri huo haliruhusiwi barabarani. Lakini ukilitengeneza, gereji yenye kibali ikalikagua na kuandika kwamba sasa ni zima, muhuri unabadilishwa unaendesha. Ndivyo ilivyokuwa. Kuna kampuni ya vifurushi iliyomwahidi Gerishon njia yake mwenyewe kuanzia mwezi wa tano, mradi awe na gari lake. Amechoka kuitwa na wakala siku mbili kwa wiki, siku ya tatu anaambiwa hakuna kazi. Kwa hiyo gari hili kwetu ndiyo kazi yenyewe.

Biashara ilifanyika jikoni kwa Bai, kwa chai ya maziwa na chevda, karanga na dengu za kukaanga, kwenye bakuli. Kiingereza cha karatasi kinanishinda mimi, na Gerishon kinamchosha, kwa hivyo Bai alichukua kioo chake cha kukuzia herufi akatusomea kadi mstari kwa mstari.

"Hapa muuzaji anaweka sahihi. Haya, Ashif, weka. Hapa tarehe. Hapa jina la mnunuzi."

"Hapo paache wazi kwanza," Gerishon akasema.

Wala hakuna aliyeshtuka. Kwetu gari linauzwa hivyo. Muuzaji anasaini, pa mnunuzi panabaki wazi, unaweka kadi kwenye nailoni ndani ya kabati. Ukipata mteja kesho, unampa kadi, hujaingia ofisi yoyote. Baba mkwe wangu aliendesha pikapu miaka tisa kwa jina la mwalimu mmoja wa Kapsabet. Askari wakimsimamisha wanasema, "Habari, Mwalimu," naye anawauliza watoto wao wanasomaje. Hata marehemu mume wa Bai, kule Kisumu, alikuwa akiuza magari namna hiyo.

"Wewe mtu wa nyumbani kabisa," Ashif alimwambia Gerishon, akicheka. Hata tarehe hakuandika. Tukapeana mikono, Bai akatuombea dua gari liwe na baraka, tukamaliza chevda.

Tukalipeleka gereji, likakaa hapo kungoja zamu.

Halafu sheria ikabadilika. Mimi niliambiwa na watu watatu, na kila mmoja aliniambia yake. Ashif alisema kwenye simu kwamba ni kelele tu, itapita. Mwenye gereji alisema kuanzia tarehe moja mwezi wa nne gereji haziruhusiwi tena kuyapitisha magari yenye muhuri. Yatakaguliwa na serikali yenyewe, kwenye vituo vyake, na vituo ni viwili mkoa mzima, na foleni yake hakuna anayejua mwisho wake. Hakutaka kukaa na gari la kungoja foleni. Alilivuta kwa brekidauni akaliacha uani kwetu, tairi la mbele limekaa upande kama mguu uliotenguka. Ukilisukuma haliendi. Jemimah naye alisema sheria ni nzuri.

"Mimi nawaogesha watu waliogongwa na magari ya kubandikwabandikwa," alisema. "Kuna mmoja usukani ulimng'okea mkononi. Mkononi, Jep! Kama kifuniko cha sufuria."

"Letu lilibonyea tu mbele."

"Yote yalibonyea tu mbele."

Jumatano nilipanda basi, nikapanda treni, nikaenda ofisi ya magari na kadi yetu kwenye nailoni. Nilingoja tangu saa tatu mpaka saa sita na nusu. Kijana wa dirishani alikuwa mpole, alinieleza mara tatu, mara ya tatu akanichorea. Kwamba waliokwisha kununua kabla ya tarehe moja wanafuata sheria ya zamani, gereji yoyote inaweza kuwakagulia. Nikafurahi. Halafu akaniuliza mnunuzi ni nani, nikamwonyesha pale pa wazi. Akaigeuza ile karatasi, akaitazama nyuma.

"Kwa hivyo gari bado ni la huyu Ashif," akasema.

"Hapana, ni letu."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa pili."

"Pameandikwa wapi?"

Nikamwonyesha tena pale pa wazi. Akaniambia neno la muuzaji peke yake halitoshi, na la mnunuzi halitoshi, maana kila mtu sasa anasema alinunua mwezi wa pili. Anatakiwa mtu wa tatu aliyeona, asiyekaa chumba kimoja nasi, aandike kwa mkono wake kwamba tarehe fulani alikuwapo gari likibadilisha mikono. Akanipa fomu. Iwe imerudi Ijumaa kabla ofisi haijafungwa, kwa sababu baada ya Ijumaa hiyo hawapokei tena.

Mtu wa tatu aliyekuwa jikoni siku ile ni mmoja tu.

Nilirudi na fomu nikiwa na nia ya kwenda kwake moja kwa moja. Nikakuta tangazo mlangoni: mkutano wa wapangaji, jioni hiyo hiyo, ukumbi wa chini, kuhusu magari yaliyoachwa. Nikasema nitamwona baada ya mkutano. Hapo ndipo nilipokosea, au pengine sikukosea, maana sijui angesema nini hata kama ningewahi.

Dada wa ofisi ya nyumba alikuja na karatasi zake na mafua yake. Jemimah alikaa katikati yangu na Gerishon akitutafsiria kwa sauti ya chini, na mengine akiongeza mwenyewe.

Dada alisema tangu sheria ya muhuri ibadilike, watu wenye magari ambayo hawawezi tena kuyatengeneza wanayasukuma kwenye nyua za majengo ya umma usiku na kuyaacha. Nambari wameng'oa. Kwenye majengo anayosimamia yeye, wiki tatu, magari thelathini na moja. Kuvuta kila moja ni pesa ya jengo, na pesa ya jengo ni pesa ya mji.

"Anasema pesa iliyokuwa ya kutengeneza kile kitufe cha mlango wa walemavu imekwisha kwa kuvuta magari," Jemimah akatuambia. "Ndiyo maana kitufe kimekufa."

Gerishon hakujizuia. "Wao wabadilishe sheria, halafu sisi ndio tulipie?"

"Sisi ni nani na wao ni nani?" Jemimah alimjibu. "Wewe hukatwi kodi? Serikali inakula mfukoni mwako kama mchwa, usijifanye mgeni."

Watu wa mbele wakageuka. Yule dada akauliza kama kuna swali. Gerishon akatikisa kichwa.

Ndipo Zebunissa Bai alipoinua mkono. Alisema Kiingereza chake kizuri cha shule ya zamani, na hicho nilikielewa karibu chote. Alisema basi lilikuja, likashindwa kupita, na kwamba ofisi ya mabasi imemwandika kuwa hakutokea. Ukiandikwa mara tatu hukutokea, wanakusimamisha. Yeye ameshaandikwa mara mbili. Ya kwanza ilikuwa wakati wa theluji kubwa. Alipowapigia simu kueleza habari ya gari, walimwambia dereva hakuripoti gari lolote, alete mtu aliyeona.

"Liliingia likapiga honi tatu," alisema.

Kwangu alisema mbili. Nikamtazama. Hakuwa akidanganya, uso wake haukuwa wa mtu anayedanganya. Lakini mwezi uliopita aliniambia pia kwamba alizungumza na marehemu mumewe kwenye simu, halafu akajicheka, akasema ni dawa.

Yule dada akauliza, gari jeupe la mlango wa nyuma ni la nani? Mwenyewe akijitokeza na kuonyesha karatasi kwamba linashughulikiwa, ataachiwa mpaka lishughulikiwe. Asipojitokeza, Ijumaa asubuhi linavutwa, na gharama inabebwa na jengo.

Ukumbi mzima ulikuwa unajua ni la nani. Jemimah akatazama dari. Nilihisi mkono wa Gerishon ukipita nyuma ya kiti cha Jemimah ukanishika bega.

"Kwa karatasi si letu," akasema kwa Kikwetu, ili Jemimah asielewe. "Tukisema letu, tutalipishwa. Tukinyamaza, litavutwa. Ngoja kwanza."

Ngoja nini, sikujua. Kwa karatasi ni la Ashif. Kwa chai na dua ni letu. Kwa tairi lililotenguka si la mtu, ni la ua ule. Nilitaka kusimama nikamuuliza yule dada, gari la aina hii mnaliitaje? Lakini Kiingereza cha kuuliza hivyo sikuwa nacho, na Jemimah alikuwa bado anatazama dari. Mkutano ukaisha. Wakati wa kutoka Bai alipita mbele yangu, na mlango ule wenye kitufe kilichokufa nikamshikia mimi.

"Asante, binti," akasema, bila kunitazama.

Alhamisi sikwenda kazini. Niliamka nikashuka uani kupima. Kutoka ukutani mpaka pua ya gari ni hatua kumi na moja zangu. Pua yenyewe imevuka mstari wa manjano kwa hatua moja. Nilijaribu kufikiria basi likipita pale, nikaona linapita, nikajaribu tena nikaona halipiti. Inategemea dereva. Nikarudi dirishani, chai sikuweka jikoni, maziwa sikuyagusa.

Saa moja na robo basi lilikuja. Niliona kwa macho yangu. Halikuingia uani. Lilisimama barabarani, dereva mwanamke akashuka, akatembea mpaka kwenye gari letu akalitazama, akalizunguka, akaenda mlangoni, akatoka na Bai. Alimsukuma kwenye ile theluji chafu ya mwisho wa msimu, magurudumu yanazama, Bai ameshika mikono ya kiti kwa nguvu. Ilichukua dakika nyingi. Pale kwenye ukingo wa barabara kiti kikayumba na Bai akapiga kelele kidogo. Nilikuwa nimeshafika kwenye ngazi kwenda kuwasaidia, nilipofika chini wameshapanda.

Kwa hiyo basi linaweza kuja bila kuingia. Na huyu ni dereva wa Alhamisi. Wa Jumanne pengine ni mwanamume, pengine mvivu, pengine aliona gari kutoka barabarani akaendelea na safari. Pengine aliingia kweli, honi mbili au tatu. Pengine hakuja kabisa akaandika uongo. Niliketi kwenye ngazi nikayapanga hayo yote, na kila moja liliwezekana.

Gerishon alipiga simu saa sita akiwa kazini. "Umemwendea?"

"Yuko hospitali."

"Jep, kesho asubuhi brekidauni inakuja. Ikilibeba, hata fomu haitasaidia, mwenye kutajwa kwenye karatasi ndiye atakayepewa, na Ashif hataenda kulilipia. Nimemwambia yule mtu wa vifurushi kwamba gari lipo."

"Najua."

"Ni kuandika tu alichoona. Si uongo. Alikuwapo!"

"Najua, Gerishon."

Bai alirudi saa tisa. Nilingoja nusu saa apumzike, kwa sababu wakishasafishwa damu wanakuwa kama nguo iliyokamuliwa. Nikashuka na fomu na kalamu mbili, moja isije ikakataa. Alikuwa jikoni kwake, mtandio umeanguka mabegani, mkono wa sindano ameuweka juu ya mto. Alinionyesha kiti kile kile alichokalia Gerishon siku ya kununua.

"Chai ujiwekee mwenyewe leo," akasema. "Mimi sina mikono."

Sikujiwekea. Nilimweleza habari ya fomu polepole, ya mtu wa tatu, ya tarehe. Alivuta kioo chake cha herufi akasoma ukurasa wote, na nyuma yake akasoma.

"Ilikuwa tarehe kumi na nne," akasema. "Nakumbuka vizuri, Ashif alileta maua ya duka kwa ajili ya mkewe akayasahau kwenye friji yangu."

"Ndiyo, Bai."

"Nikiandika hii, gari inakaa."

"Inakaa mpaka gereji ije iichukue."

"Itachukua lini?"

"Walisema wakipata nafasi. Wiki mbili. Pengine tatu."

"Na nisipoandika, kesho asubuhi njia iko wazi."

Nilitaka kusema hapana, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikainama kidogo.

"Mimi nimesikia mume wako jana mkutanoni," Bai akasema. "Sikuelewa lugha, lakini nimeishi Kisumu, najua mtu akiambiwa nyamaza anakaa vipi. Wewe ulikaa hivyo. Kila mtu pale alikuwa ananiangalia kama mzee mwenye maneno mengi, na wewe ambaye gari ni yako ulikaa hivyo."

"Naomba unisamehe, Bai."

"Mimi sitaki kusamehe, dawa zangu zinanitosha." Akacheka kidogo, akakohoa. Kisha akavuta droo ya meza kwa ule mkono mzima, akatoa karatasi nyingine, imekunjwa mara mbili. Ilikuwa na nembo ya mabasi. Akaiweka juu ya meza kando ya fomu yangu, zikalingana pembe kwa pembe.

"Hii na yenyewe inataka mtu aliyeona," akasema. "Kwamba Jumanne basi iliingia, ikapiga honi, ikashindwa kupita. Wasipopata, nikikosa mara moja tu zaidi wananisimamisha. Wewe kila asubuhi uko dirishani, nakuona na kikombe chako. Wote wanajua uko dirishani."

"Bai, Jumanne mimi..."

"Andika tu ulichoona."

"Nilikuwa nafuta jiko."

"Muda wote?"

"Maziwa yalifurika." Nilimwambia habari ya leo, kwamba nimemwona dereva mwanamke akija kwa miguu, kwamba hilo naweza kuliandika hata mara kumi na kuapa. Alitikisa kichwa. La leo halina shida, leo ameandikwa kwamba alitokea. Wanataka la Jumanne.

"Mimi ni mgonjwa, si mwongo," akasema. "Unaamini basi ilikuja au huamini?"

"Naamini wewe unaamini."

"Ai! Jibu la wakili hilo." Akachukua kalamu yangu moja. Kwenye fomu yetu, mahali pa shahidi, akaandika jina lake lote kwa herufi nzuri za kulala, akaandika tarehe kumi na nne mwezi wa pili, na maelezo mistari minne. Akafika mahali pa sahihi akaacha. Akaishikilia kalamu hapo hapo, ncha yake haigusi karatasi. Kwa mkono wa sindano, taratibu kwa sababu unauma, akaisukuma ile karatasi ya mabasi mpaka ikagusa vidole vyangu.

"Haya, binti. Na wewe niandikie," akasema. "Utaniandikia?"

Nilishika kalamu ya pili. Nikaitazama ile mistari mitatu iliyo wazi, chini ya maelezo ya Kiingereza.